Mkuki, Chakula na Mgeni: Uongozi na Maadili ya Uanaume katika Tendi za Homer na katika Simulizi ya Kalala Ilunga

1. Utangulizi

Mwaka 1941, katika mji wa Jadotville ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Likasi, alizaliwa Valentin-Yves Mudimbe, mwanafalsafa na mwandishi aliyefariki mwaka 2025. Katika kitabu chake cha mwaka 1991, Parables and Fables, Mudimbe alivirudia visasili vya Waluba na kuchunguza namna vilivyokusanywa na kufasiriwa. Katika kitabu cha mwaka 1994, The Idea of Africa, aliyasoma maandishi ya Wagiriki wa kale na kuonyesha jinsi walivyomchora Mwafrika. Mzaliwa mmoja wa Likasi aliyashika mapokeo hayo mawili, la Wagiriki na la Waluba, wala hakuona kwamba moja ni la wasomi na jingine ni la wanavijiji.

Makala haya yanafuata njia hiyo kwa swali finyu zaidi. Je, tendi zinamtambuaje mwanamume anayestahili kutawala? Jibu la haraka ni kwamba humtambua kwa nguvu ya mkono wake. Nia yetu ni kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi. Katika tendi za Homer, na pia katika simulizi kuu ya Waluba kuhusu Nkongolo, Mbidi Kiluwe na Kalala Ilunga, mkuki ni sharti la kwanza tu. Mtawala hupimwa hasa kwa namna anavyokula, anavyosema na anavyompokea mgeni. Jambo hili lina uzito wa pekee katika mji wa Likasi, kama tutakavyoona katika sehemu ya sita.

2. Kuhusu vyanzo

Si Iliad wala simulizi ya Kalala Ilunga inayoweza kusomwa kama kumbukumbu ya matukio yaliyoandikwa siku yalipotokea. Iliad, yenye vitabu 24 na mistari zaidi ya 15,000, ilitungwa katika mapokeo ya uimbaji wa ghibu. Hayo yalidhihirishwa na utafiti wa Milman Parry, aliyewarekodi waimbaji wa Yugoslavia katika miaka ya 1930, na kuendelezwa na mwanafunzi wake Albert Lord katika kitabu cha mwaka 1960. Moses Finley naye, katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu ulimwengu wa Odysseus, aliwafundisha wanahistoria kutafuta katika tendi hizo desturi za jamii, kama vile zawadi, karamu na ukoo, badala ya kutafuta tarehe za vita.

Kwa upande wa Waluba, simulizi ilihifadhiwa na chama cha Mbudye, ambacho wataalamu wake walitumia ubao uitwao lukasa. Ubao huo hupambwa kwa shanga, kauri na michoro, na msimulizi huusoma kwa kuupapasa kwa vidole huku akitaja wafalme, njia na mahali patakatifu. Matini tulizo nazo leo yaliandikwa hasa na wamisionari na maofisa wa kikoloni, na yanatofautiana. Wanahistoria wa zamani waliyageuza majina yaliyomo kuwa orodha ya wafalme yenye tarehe. Thomas Reefe, katika kitabu chake cha mwaka 1981, alishauri tahadhari kubwa zaidi. Simulizi hii ni katiba ya ufalme kabla ya kuwa historia ya mfalme fulani. Hata hivyo, haikuzuka hewani. Uchimbaji wa makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba, ulioanza mwaka 1957 na kuendelezwa na Pierre de Maret katika miaka ya 1970, umeonyesha kwamba watu wa bonde hilo walikuwa na alama za heshima, kama vile mashoka ya sherehe, karne nyingi kabla ya Wazungu kufika.

Kulikuwa pia na mabishano ya wataalamu kama Afrika ina tendi au haina. Mwaka 1970 Ruth Finnegan alitilia shaka kuwapo kwake, na mwaka 1979 Isidore Okpewho akamjibu kwa kitabu kizima. Kwa wasomaji wa Kiswahili mjadala huo haukuwa mgeni, maana tayari walikuwa na Fumo Liyongo. Hatutaurudia hapa.

3. Mwanamume wa Homer: mtenda na msemaji

Iliad huanza kwa ugomvi wa viongozi wawili. Agamemnon, mkuu wa majeshi, anamkataa kwa matusi kuhani aliyekuja kumkomboa binti yake. Tauni inapolipiga jeshi, analazimika kumrudisha msichana huyo, na kwa hasira anamnyang'anya Achilles mateka wake Briseis. Achilles anajitoa vitani, na watu wengi wanakufa kwa sababu hiyo. Mshairi anatuonyesha tangu mwanzo kwamba cheo na ushujaa ni vitu viwili. Agamemnon ana cheo lakini hana busara ya kukibeba, naye Achilles ana nguvu kuliko wote lakini hana mamlaka juu ya jeshi zima.

Neno kuu katika ugomvi huo ni timê, yaani heshima inayoonekana kwa macho katika sehemu ya nyara na nyama anayopewa mtu mbele ya wenzake. Heshima hiyo ina deni. Katika kitabu cha 12, Sarpedon wa Lycia anamweleza binamu yake Glaucus kwamba wao wawili hupewa viti vya mbele, nyama nzuri na vikombe vilivyojaa, na kwa hiyo ni wajibu wao kusimama mstari wa mbele. Hoja yake ni ya mkataba: chakula cha kiongozi kimetoka kwa watu, na hulipwa kwa kuwakinga. Kiongozi anayekula bila kulipa ni mwizi, na Achilles anamtupia Agamemnon lawama ya namna hiyo hiyo katika kitabu cha kwanza.

Kipimo cha pili ni ulimi. Katika kitabu cha 9, mzee Phoenix anamkumbusha Achilles kwamba baba yake Peleus alimtuma afundishwe mambo mawili, kusema barazani na kutenda vitani. Mwanamume aliyejua la pili tu alihesabiwa kuwa hajakomaa. Hapa, lakini, pana mpaka ambao msomaji wa leo hawezi kuupita kimya. Katika kitabu cha 2, Thersites, mtu asiye na cheo, anamlaumu Agamemnon kwa uroho, na maneno yake yanakaribia sana yale ya Achilles. Odysseus anampiga kwa fimbo ya enzi, na jeshi linacheka. Haki ya kusema ilikuwa ya waungwana. Tendi husifu uongozi, lakini pia hulinda tabaka linaloziimbisha.

Kipimo cha tatu huonekana mwishoni. Achilles, baada ya kumwua Hector na kuiburura maiti yake, anajiwa usiku na Priam, mfalme mzee wa Troy, aliyekuja kumwomba mwili wa mwanawe. Mzee anaibusu mikono iliyowaua wanawe. Wote wawili wanalia, kila mmoja kwa msiba wake. Kisha Achilles anamchinjia kondoo na kumwandalia chakula. Katika utendi uliojaa damu, uanaume wa shujaa unakamilika pale anapokula na adui yake chini ya paa moja. Maarifa ya kuua alikuwa nayo tangu mwanzo. Alichojifunza ni kumpokea mgeni.

4. Nkongolo na Mbidi Kiluwe: mfalme asiyejua kula

Tuje sasa katika nchi ya Waluba. Nkongolo Mwamba ndiye mtawala wa kwanza katika simulizi. Rangi yake ni nyekundu, na jina lake linahusishwa na nyoka wa upinde wa mvua anayezuia mvua. Ana nguvu, amewashinda machifu wengi, lakini ni mlevi na mkatili. Katika masimulizi kadhaa anatajwa pia kwa zinaa ya maharimu. Yeye hula mbele za watu bila staha.

Kutoka mashariki, ng'ambo ya mto Lualaba, anakuja mwindaji Mbidi Kiluwe. Ngozi yake ni nyeusi inayong'aa. Nkongolo anampokea, lakini anashangaa kumwona mgeni huyo hali wala hanywi mbele ya mtu. Ndipo anapofahamishwa kwamba mtu wa damu ya kifalme hula faraghani, nyuma ya kizuizi. Mbidi anamfundisha mwenyeji wake adabu hizo, na katika nchi hiyo anawaoa Bulanda na Mabela, dada za Nkongolo. Bulanda anamzaa Ilunga, ambaye baadaye ataitwa Kalala Ilunga. Kisha Mbidi anarudi kwao, na katika baadhi ya masimulizi anaondoka kwa sababu mwenyeji wake amemkosea heshima.

Luc de Heusch, katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu mfalme mlevi, aliona katika wahusika hawa mpangilio wa vinyume: kiangazi na mvua, mdomo ulio wazi na mdomo uliofungwa, ndugu wanaooana na ndoa ya mbali. Ufafanuzi huo una nguvu, lakini huweza kutusahaulisha jambo lililo wazi zaidi, kwamba simulizi hii ni mafunzo ya siasa. Nkongolo alikuwa na utawala wa mabavu. Alichokosa ni bulopwe, yaani utukufu wa kifalme ulio katika damu na unaodhihirika katika kujizuia. Mtu asiyeweza kuutawala mdomo wake hawezi kuitawala nchi.

Msomaji wa Odyssey atawakumbuka hapa wachumba wa Penelope, wanaokula mali ya Odysseus bila kulipa na kumtupia mwombaji mzee kwato ya ng'ombe, wasijue kwamba ndiye mwenye nyumba. Kwa Wagiriki, wageni na waombaji walikuwa chini ya ulinzi wa Zeus mwenyewe. Hata hivyo tofauti ipo, na ni ya msingi. Shujaa wa Homer hula hadharani, kwa kuwa nyama anayogawiwa mbele ya wenzake ndiyo heshima yake. Mfalme wa Waluba hula sirini, kwa kuwa heshima yake ni kutoonekana akihitaji kitu kama watu wengine. Kwa Wagiriki kiongozi ni wa kwanza miongoni mwa walaji. Kwa Waluba amekwisha kutengwa nao.

5. Kalala Ilunga: ushujaa na mipaka yake

Ilunga anakulia kwa mjomba wake. Anakuwa mkimbiaji hodari, bingwa wa michezo na shujaa wa vita, na umaarufu wake unamtia Nkongolo wivu. Mfalme anaamuru shimo lichimbwe, mikuki isimikwe ndani na mkeka utandikwe juu. Kijana anaitwa kucheza ngoma hapo. Mpiga ngoma, kwa lugha ya ngoma, anamtahadharisha. Ilunga anautoboa mkeka kwa mkuki wake, anaruka juu ya watu na kukimbia hadi ng'ambo ya Lualaba kwa baba yake. Anaporudi na jeshi, Nkongolo anakimbilia mapangoni, anakamatwa na kukatwa kichwa. Kalala Ilunga anaanzisha ukoo mpya wa wafalme.

Ni vema kutambua kwamba shujaa huyu haokolewi na nguvu zake, bali na uwezo wa kusikia. Angeishika ngoma kwa miguu tu, angekufa. Fumo Liyongo wa pwani aliokoka kwa njia inayofanana na hiyo: tupa iliyofichwa ndani ya mkate ilipenyezwa gerezani kwa msaada wa mama yake na mjakazi wake, na kelele za ngoma zikaficha sauti ya minyororo ikikatwa. Odysseus pia huvumilia kwa masikio yake: husikia matusi nyumbani mwake na kunyamaza hadi wakati ufike.

Lakini je, kisasi ndicho kilele cha uanaume? Hapa tendi zetu zinatofautiana. Odysseus anawaua wachumba wote, na vijakazi 12 wananyongwa, tendo ambalo mshairi halikawii kulieleza na ambalo wasomaji wengi wa siku hizi hawalisomi bila fadhaa. Kalala Ilunga anamkata mjomba wake kichwa. Kinyume chake ni Mwindo, shujaa wa Wanyanga wa mashariki ya Kongo, ambaye utendi wake ulisimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Baba yake, Shemwindo, anajaribu kumwua tangu kuzaliwa, kwa kuwa alikuwa ameagiza wakeze wasizae ila wasichana. Mwindo anamfuata baba yake hadi kuzimu, lakini anapompata hamwui. Anamrudisha nyumbani, shauri linasemwa hadharani, na nchi inagawanywa kati yao. Baadaye Mwindo mwenyewe, mwenye majivuno mengi, anachukuliwa angani na kuadhibiwa kwa baridi, mvua na jua kwa sababu ya kumwua joka aliyekuwa rafiki wa Nkuba, mwenye radi. Anashuka akiwa mtu mwingine, na ndipo anapotoa sheria za utawala bora. Wanyanga wamelisema waziwazi lile ambalo Homer amelidokeza katika hema la Achilles: shujaa hafai kutawala mpaka ashushwe.

Tena, ufalme wa Waluba haukuamini kwamba mwili wa mwanamume peke yake waweza kubeba utukufu huo. Viti vya enzi vilichongwa kwa umbo la mwanamke anayebeba kiti kichwani au mikononi. Mfalme alipofariki, roho yake ilikaa kwa mwanamke aliyeitwa Mwadi, aliyeheshimiwa kama mfalme yule. Mary Nooter Roberts na Allen Roberts, katika maonyesho na kitabu cha mwaka 1996 kuhusu sanaa ya kumbukumbu ya Waluba, wamelieleza jambo hili kwa kirefu. Maadili ya uanaume, basi, hayakujengwa kwa kumfukuza mwanamke kutoka katika utawala. Hatusemi kwamba wanawake wa kawaida walikuwa huru. Tunasema kwamba wazo lenyewe la ufalme lilihitaji jinsi zote mbili.

6. Mgeni katika nchi ya shaba

Jambo moja limejirudia tangu mwanzo. Adabu ya utawala haikutoka ndani. Ililetwa na mgeni. Mbidi Kiluwe ni mwindaji kutoka ng'ambo ya mto, na Kalala Ilunga ni mtoto wa mgeni aliyezaliwa na dada wa mwenyeji. Simulizi inautia ugeni katika mzizi wa taifa.

Historia ya karibu zaidi ya Katanga inarudia umbo hilo. Katikati ya karne ya 19, Ngelengwa, aliyejulikana baadaye kwa jina la Msiri, alitoka Usumbwa, katika Tanzania ya leo, akafuata biashara ya shaba na pembe za ndovu, na kujenga ufalme wa Wayeke wenye makao yake Bunkeya, kaskazini ya Likasi. Wapo waliomtukuza na wapo walioteseka chini ya mkono wake, na mwisho wa utawala wake wengi wa raia walikuwa wamemwasi. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa kwa risasi na Omer Bodson, ofisa wa msafara wa William Stairs uliotumwa kwa niaba ya mfalme Leopold II, na Bodson naye akauawa. Pamoja na misafara ya namna ya Msiri kilikuja Kiswahili. Hata jina la Kingwana, ambalo lahaja za Kiswahili cha Kongo zimewahi kuitwa, latokana na waungwana, neno lile lile ambalo pwani hutaja mtu mwenye adabu.

Kisha zikaja reli na migodi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji mikono mingi kuliko ile iliyopatikana karibu. Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali, na tangu miaka ya 1920 wengi walitoka Kasai. Walizaa na kujenga Likasi, na watoto wao walisema Kiswahili cha mji. Lakini mwaka 1992 na 1993, katika msukosuko wa siasa za mwisho wa utawala wa Mobutu, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga kwa hoja kwamba wao ni wageni. Mamia ya maelfu walipoteza nyumba na kazi. Katika stesheni ya reli ya Likasi familia zilipiga kambi kwa muda mrefu zikingoja treni ya kuwapeleka katika nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona, na wapo waliofia pale kwa maradhi na njaa.

Viongozi waliochochea ufukuzaji huo walijisifu kuwa wanaume wanaotetea ardhi ya babu zao. Tukilipima dai lao kwa mizani ya simulizi za ardhi hiyo hiyo, halisimami. Mfalme aliyemkosea heshima mgeni na kumwekea mikuki mwana wa mgeni chini ya mkeka ana jina katika kumbukumbu ya Waluba, na jina hilo si Kalala Ilunga. Wazee wa Mbudye waliopapasa shanga za lukasa walikwisha kumhukumu.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba tendi za Wagiriki na simulizi ya Waluba zinakubaliana katika kipimo cha kiongozi. Nguvu ni ya lazima, lakini Agamemnon, wachumba wa Penelope na Nkongolo wote walikuwa na nguvu. Kinachowatofautisha na anayestahili ni kujizuia mbele ya chakula na mali, kuutumia ulimi barazani na kumpokea mgeni. Tumeonyesha pia kwamba tendi hizo hazina usafi wa malaika. Thersites alipigwa, vijakazi walinyongwa, Nkongolo alikatwa kichwa. Msomaji ana wajibu wa kuyasema hayo pia.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, hasa walioko Katanga, kazi iliyobaki ni kubwa. Simulizi ya Kalala Ilunga imechapishwa zaidi kwa Kifaransa na Kiingereza kuliko kwa lugha inayosemwa katika mitaa ya Likasi. Kuiandika kwa Kiswahili, kwa kulinganisha masimulizi yake mbalimbali na kuyaeleza, kutawawezesha vijana wa mji huo kusoma wenyewe hukumu ambayo wazee waliitoa juu ya mfalme asiyejua kula na asiyejua kukaa na mgeni.